Nani Kapiga Hapo?

Nyumba namba 2648 ya West Grand Boulevard, jijini Detroit, haina kimo cha kumfanya mpita njia ageuze shingo. Ni nyumba ya kuishi watu, ya ghorofa moja, nyeupe, yenye urembo wa buluu, na juu ya dirisha kubwa la mbele pameandikwa Hitsville U.S.A. Berry Gordy aliinunua mwaka 1959, mwaka uleule aliokopa dola 800 kwenye mfuko wa akiba wa familia yao ili aanzishe kampuni ya rekodi ambayo dunia ingekuja kuijua kwa jina la Motown. Ofisi akaziweka mbele, familia ikaishi juu, na nyuma, palipokuwa pakitumiwa na mpiga picha, akatengeneza studio. Tangu hapo hadi kampuni ilipohamia Los Angeles mwaka 1972, chumba hicho cha nyuma kilikuwa kikifanya kazi karibu usiku na mchana.

Leo ni makumbusho. Kundi letu lilikuwa la watu mchanganyiko: mume na mke wazee kutoka Ohio, wanafunzi wa chuo, familia ya Kijapani, na mimi Mtanzania peke yangu. Kijana aliyetuongoza alitushusha hadi Studio A, akatusimamisha pale walipowahi kusimama Marvin Gaye, Stevie Wonder na akina dada wa Supremes, kisha akatupanga tuimbe "My Girl" ya Temptations, wanaume upande huu, wanawake kule. Kabla hata hajatoa ishara, mzee wa Ohio alishaanza kuiga kwa mdomo ule mlio wa gitaa unaopanda mwanzoni mwa wimbo. Sote tukacheka, kwa kuwa ndio hasa tuliokuwa tunausubiri. Kiongozi akauliza nani aliutunga. Sauti kadhaa zikajibu kwa pamoja: Smokey Robinson. Ni kweli, yeye pamoja na Ronald White, mwenzake katika kundi la Miracles. Nami nikauliza: na hapo kwenye gitaa, nani kapiga? Wenzangu wakatazamana. Kijana alilijua jibu. Gitaa ni la Robert White, na besi inayolitangulia ni ya James Jamerson.

Swali hilo ndilo lililonifungisha safari. Dar es Salaam, penye wapenzi wa muziki wa dansi hapakosi mabishano ya aina hii. Utamsikia mtu akiapa kwamba kibao fulani cha bendi ya Mlimani Park ni cha Hassani Bitchuka, kwa kuwa sauti ni yake. Mwingine atamrukia: bila solo ya Joseph Mulenga kungekuwa na wimbo hapo? Wa tatu atawanyamazisha wote kwa kumtaja Michael Enoch, kwamba ndiye aliyekuwa akiwapanga. Mabishano hayo hayaishi, maana kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli. Nilitaka kuviona vyumba ambamo nyimbo zilizozunguka dunia nzima zilitengenezwa na watu wengi kwa wakati mmoja, nijue majina yao yalikuwa yakipotelea mlango upi.

Studio A ni ndogo kuliko inavyosikika. Wanamuziki wenyewe waliibandika jina la Shimo la Nyoka kwa sababu ya nyaya zilizokuwa zikining'inia kutoka darini. Humo walijibana watu kumi na zaidi: piano, vinanda, dramu, bongo, tari, besi na magitaa matatu. Wapigaji hao wa kudumu, waliojiita Funk Brothers, wengi wao walikuwa watu wa jazi. Usiku walipiga kwenye vilabu vya Detroit, mchana wakaingia studio. Mara nyingi walichowekewa mbele ni karatasi yenye kodi tu, nazo ni kodi za gitaa, siyo za TRA. Karatasi haikusema besi itembee vipi wala gitaa gani likae kimya. Hayo yaliamuliwa palepale kwa masikio.

Chukua wale wapiga gitaa watatu. Robert White, Eddie Willis na Joe Messina walikaa pamoja, na ala zao pamoja na besi ziliunganishwa moja kwa moja kwenye mitambo, wakasikilizana kupitia spika. Watu watatu wenye gitaa, kila mmoja fundi, wakipewa kodi zilezile, kwa kawaida watakanyagana. Hawa waligawana wimbo kama ndugu wanavyogawana shamba la baba yao, kila mmoja na mpaka wake: Messina akakata mkato mkavu sambamba na dramu, White akashika kodi nene na mistari ya kuimbika, Willis akajaza mianya kwa vionjo vya bluzi. Mgawanyo huo haukuwa na mwandishi. Lakini uondoe, hutabaki na mlio ambao watu waliuita wa Motown.

Jamerson ndiye aliyevuka mpaka kuliko wote. Alipiga besi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada, na hakupenda kubadilisha nyuzi. Besi kabla yake, kwenye nyimbo nyingi za vijana, ilikuwa ya kuhesabu hatua. Yeye aliifanya ijibizane na mwimbaji. Sikiliza "What's Going On" ya Marvin Gaye, uache maneno yapite, ufuate besi peke yake, utaona kuna hadithi ya pili inayosimuliwa chini ya ile ya kwanza. Albamu hiyo ya mwaka 1971 ndiyo ya kwanza ya Motown kuandika majina ya wapigaji kwenye jalada. Miaka zaidi ya kumi ya kazi, nyimbo chungu nzima zilizoshika nafasi ya kwanza Marekani, na ndiyo kwanza jina la mpiga besi linaonekana.

Katika filamu ya mwaka 2002 inayowahusu wapigaji hao kuna kisa cha Robert White akiwa mgahawani, uzeeni. "My Girl" ikaanza kulia redioni, mhudumu akaja kuchukua oda, White akafungua kinywa amwambie kwamba gitaa lile ni lake. Akaghairi, akaagiza chakula. Baadaye alisema mhudumu angemdhania mzee aliyechanganyikiwa. White alifariki mwaka 1994, kabla filamu haijatengenezwa.

Kutoka Detroit nilishuka kusini hadi Memphis, Tennessee, kando ya mto Mississippi. Nilianzia Sun, namba 706 Union Avenue, studio ya chumba kimoja iliyofunguliwa na Sam Phillips mwaka 1950. Pale sikukaa sana, maana watu huenda kwa ajili ya Elvis Presley na wanaondoka naye. Ila kuna jambo la Julai 1954 linalostahili kusemwa. Elvis, mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black walikuwa wamehangaika na nyimbo za taratibu bila mafanikio. Wakati wa mapumziko Elvis akaanza kuuchezea kimzaha wimbo wa zamani wa Arthur Crudup, "That's All Right". Black akarukia, Moore akafuata. Phillips akatoa kichwa kutoka chumba cha mitambo kuuliza wanafanya nini, kisha akawaambia waanze upya. Kilichorekodiwa hakikuwa kimepangwa na yeyote kati ya wanne hao. Naye Crudup, ambaye jina lake lilikuwepo kwenye karatasi kama mtunzi, alifariki mwaka 1974 akiwa bado anadai haki yake. Kwa hiyo kuandikwa nako hakumaanishi kulipwa.

Dereva aliyenipeleka kwenye studio ya kampuni ya Stax, mjini humohumo, alinisikia nikiongea na nyumbani kwa simu. Nilipokata, akanitazama kwenye kioo.

"Kaka, wewe ni wa Tanzania? Kiswahili yako inaonesha."

"Ndiyo kaka, wa Dar. Na wewe?"

Alitoka Uvira, akapitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ndipo akaletwa Marekani. Siku za wiki anaendesha gari, Jumapili anapiga solo kanisani, kwenye kwaya ya Wakongo. Nikamuuliza nyimbo zao huandaliwa vipi.

"Tunapigaka tu. Mmoja anaanza, wengine wanafuata. Hatuandikake kitu."

"Na mtunzi anakuwa nani?"

"Ni ya kwaya yote, kaka."

"Mkirekodi mkauza je?"

Akacheka hadi akapunguza mwendo. "Hapo sasa ndipo vita inaanzia."

Stax ya asili ilikuwa sinema. Jim Stewart na dada yake, Estelle Axton, walilikodi jengo la zamani la Capitol Theatre, kwenye kona ya McLemore Avenue na College Street, mwaka 1960. Waling'oa viti, wakatandaza mazulia na mapazia ya kupunguza mwangwi, na sehemu ya vitafunwa wakaigeuza duka la rekodi. Sakafu waliiacha vilevile, ikiteremka kuelekea jukwaani. Kampuni ilifilisika mwaka 1975, na jengo likavunjwa mwaka 1989. Unachokiona leo ni makumbusho yaliyojengwa upya palepale na kufunguliwa mwaka 2003, lakini mteremko wameurudisha. Nilitembea kutoka juu hadi chini nikausikia miguuni. Chumba ni kikubwa, dari iko mbali, na hata makofi yangu mwenyewe yalikuwa na mkia.

Ukubwa huo ndio uliofundisha wapigaji kazi. Wapigaji wa nyumba pale walikuwa wanne: Booker T. Jones kwenye kinanda, Steve Cropper kwenye gitaa, Al Jackson kwenye dramu, na Lewie Steinberg kwenye besi, ambaye baadaye alimpisha Donald "Duck" Dunn. Weusi wawili na Wazungu wawili baada ya Dunn kuingia, katika mji ambao sheria na desturi zilikuwa zimewatenga watu hao hata kwenye meza ya chakula. Miaka ya mwanzo hawakutumia hedifoni. Katika chumba kikubwa namna ile, sauti ya mwenzako aliye mbali inakufikia ikiwa imechelewa kidogo. Ukifuata sikio tu, nawe unachelewa. Cropper alieleza kwamba walijifunza kutazama mikono. Ukiangalia mkono wa Al Jackson unaposhuka kwenye ngoma, huna haja ya kusubiri mlio.

Mwaka 1965 Wilson Pickett alikuja kurekodi "In the Midnight Hour", akifuatana na Jerry Wexler wa Atlantic Records. Wimbo ulikuwa na maneno, ulikuwa na kodi, lakini haukuwa umekaa. Wexler, mtu mzima wa karibu miaka hamsini, akatoka chumba cha mitambo, akaanza kucheza mbele yao staili ya vijana wa New York, akiwaonesha mahali mwili unapotua. Cropper na Jackson wakaelewa. Wakavuta pigo la pili na la nne nyuma kwa unywele tu, na kuanzia hapo kuchelewa huko kukawa alama ya Stax. Hebu sema: sehemu hiyo ni mali ya nani? Ya mchezaji dansi, ya dramu, au ya gitaa? Kwenye karatasi wimbo ni wa Pickett na Cropper. Al Jackson, aliyelivuta pigo lenyewe, hayumo.

Otis Redding naye alifanya kazi kwa mdomo. Aliingia Stax mara ya kwanza Oktoba 1962 akiwa dereva wa mwanamuziki mwingine, na muda ulipobaki mwishoni akaomba aimbe. Cropper, asiye mpiga piano, akakaa kwenye piano, na "These Arms of Mine" ikazaliwa. Baadaye Otis akawa anawaendea wapulizaji mmojammoja, anawaimbia mstari wa tarumbeta na wa saksafoni, wao wanaushika na kuusafisha. Kwa mtu aliyekulia kwenye dansi, hayo si mageni. Wazee waliorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) husimulia mambo hayohayo: bendi inakuja studio na wimbo ulioiva ukumbini, vipaza sauti vichache, waimbaji na wapulizaji wakipangwa kwa umbali ili asiwepo wa kumfunika mwenzake, kisha wote wanapiga kwa pamoja toka mwanzo hadi mwisho. Mpuliza saksafoni akiteleza kwenye chemko la mwisho, hapakuwa na kubandika kiraka. Mnarudia wote, na mwimbaji aliyekuwa amefanya vizuri kuliko siku zote za maisha yake naye anarudia. Hofu hiyo ya kumwangusha mwenzako ilikuwa sehemu ya muziki wenyewe.

Stax ndipo nilipokuta majibu mawili ya swali langu, na yote hayakutoka kwa mwanasheria. La kwanza ni "Green Onions" ya mwaka 1962. Wale wanne walikuwa wakimsubiri mwimbaji, wakawa wanajipigia kupoteza muda, Jim Stewart akawasha mashine. Walichopiga kilimfurahisha, akahitaji wimbo wa upande wa pili wa santuri, na Booker T., kijana wa miaka 17, akatoa mlio wa kinanda aliokuwa nao. Ukawa ndio kibao. Wimbo hauna mwimbaji wala maneno, kwa hiyo hapakuwa na mtu mmoja wa kusimama mbele ya wengine. Umeandikwa kwa majina ya wote wanne.

La pili ni "Soul Man" ya Sam na Dave, ya mwaka 1967. Katikati ya wimbo gitaa linajibu, na mwimbaji, kwa furaha iliyomshika palepale, anamwita Steve kwa jina na kumhimiza apige. Jina likaingia kwenye mkanda, likapelekwa kila nchi wimbo ulikofika. Niliposimama mbele ya picha ya kikao kimojawapo nilijikuta nikitabasamu, kwa sababu jambo hilo kwetu ni la kila siku. Katika dansi na katika rumba ya Kongo, solo ikikaribia, mwimbaji humtaja mpigaji. Tumba zikikolea, mtu wa tumba anaitwa. Wageni hudhani ni mbwembwe. Mimi nilianza kuona pale kwamba ni kumbukumbu: pale ambapo jalada halikuchapishwa, na redio ilitangaza jina la bendi tu, wimbo wenyewe ulitunza daftari la mahudhurio.

Barabara namba 72 inatoka Memphis kuelekea mashariki, inakata kona ya Mississippi, inapita Corinth na Iuka, halafu inakuingiza Alabama. Baada ya kama kilomita 240 uko kwenye kingo za mto Tennessee, penye miji minne iliyokaribiana: Florence ng'ambo ya kaskazini, na Sheffield, Tuscumbia na Muscle Shoals upande wa kusini. Ni miji midogo, ya makanisa, vituo vya mafuta na mashamba ya pamba pembeni. Wilson Pickett, mzaliwa wa Alabama aliyekuwa ameikimbia pamba, alipoletwa hapa mwaka 1966 akaona watu weusi wakiwa mashambani, alitaka kugeuza.

FAME, studio ya Rick Hall, ipo Avalon Avenue, na bado inafanya kazi; wageni huingizwa pale ambapo hakuna kikao. Ni chumba cha kawaida, kuta zimefunikwa kwa vifaa vya kunyonya sauti, na piano ya umeme aina ya Wurlitzer ipo. Mbele ya kinanda kama hicho ndipo ilipoamuliwa njia ya Aretha Franklin. Mwishoni mwa Januari 1967 alikuja na mumewe na Jerry Wexler kurekodi "I Never Loved a Man". Alikuwa ametoa albamu kadhaa kwa kampuni nyingine bila kupata kishindo alichostahili. Wapigaji walikuwa vijana wa Kizungu wa maeneo hayohayo. Aretha akakaa kwenye piano, akauimba wimbo, wote wakajua kuna mtu mkubwa chumbani. Lakini hawakupata pa kuingilia. Mwendo ulikuwa wa aina yake, si bluzi kamili wala si waltzi, na kila aliyejaribu kitu alikiacha. Kimya kikawa kizito. Ndipo Spooner Oldham akabonyeza kwenye Wurlitzer kijimstari kifupi, cha kuyumba, kinachojirudia. Roger Hawkins akaweka dramu chini yake, besi ikaingia, na kwa muda mfupi wimbo ukawa umekamilika.

Sikiliza rekodi hiyo leo: kabla hujamsikia Aretha unamsikia Oldham. Mtunzi wa wimbo kwenye karatasi ni Ronnie Shannon, na ni haki yake, maneno na melodi ni vyake. Ila mlango ulifunguliwa na mtu mwingine aliyelipwa ujira wa kikao.

Siku ileile ugomvi ulizuka, pombe ikichangia, kati ya mume wa Aretha na watu wa studio, na kikao kikavunjika kukiwa na wimbo mmoja tu uliokamilika. Wexler akawasafirisha wapigaji hao hadi New York, na huko Februari wakarekodi "Respect". Wimbo huo ni wa Otis Redding, aliyeutoa mwaka 1965 kama malalamiko ya mwanamume anayerudi nyumbani kachoka. Aretha akaugeuza ukawa madai ya mwanamke. Yeye na dada yake Carolyn wakabuni viitikio, akaongeza sehemu ya kulitaja neno la kichwa cha wimbo herufi moja moja, na saksafoni ya King Curtis ikapewa daraja ambalo halikuwepo kwa Otis. Ukimwimbia mtu yeyote "Respect", atakuitikia kwa vile alivyobuni Aretha. Lakini sheria ya Marekani inazitaka redio za kawaida zimlipe mtunzi na mchapishaji wake, si mwimbaji wala mpigaji. Kila ulipopigwa redioni kwao, fedha zilikwenda upande wa Otis, na upande wa Aretha hazikwenda.

Mwaka 1969 wapigaji wanne wa FAME, yaani Barry Beckett, Roger Hawkins, David Hood na Jimmy Johnson, waliondoka wakafungua studio yao namba 3614 Jackson Highway, Sheffield. Ni kijumba cha mawe chenye paa bapa, kingepita kwa ghala la vipuri. Desemba ya mwaka huohuo Rolling Stones walitua humo wakarekodi, miongoni mwa nyingine, "Brown Sugar" na "Wild Horses". Kimefanyiwa ukarabati na kurudishwa kilivyokuwa. Mwongozaji alipotuonesha nafasi ya dramu, nilipima kwa macho: kutoka hapo mpiga besi angeweza kunyoosha mkono akaligusa toazi. Wanne hao waliitwa Swampers, na mamilioni ya watu waliolijua jina hilo hawakulisoma kwenye jalada lolote. Walilisikia kwenye "Sweet Home Alabama" ya Lynyrd Skynyrd, ya mwaka 1974, inayowataja katika ubeti mzima. Tena ni yaleyale: jina limeponea ndani ya wimbo, safari hii ndani ya wimbo wa watu wengine.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Nashville, ambako rafiki aliniombea nafasi ya kukaa nyuma kwenye studio moja ndogo wakati wa kikao cha watu wasio maarufu. Vikao vya huko kwa desturi huchukua muda wa saa tatu. Mwimbaji alikuwa msichana wa Texas mwenye wimbo aliojirekodia kwa simu na gitaa. Wapigaji walikuwa wanne: dramu, besi, gitaa na piano. Wakausikiliza mara moja tu, kila mtu na kalamu yake. Hawakuandika noti. Waliandika tarakimu, kuanzia 1 hadi 7, kila moja ikisimamia kodi kwa nafasi yake katika ngazi ya sauti. Mfumo huo ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Neal Matthews wa kundi la Jordanaires, na faida yake niliiona baada ya dakika chache: msichana alipoomba washushe ufunguo kwa kuwa sauti inamkwaruza, hakuna aliyefuta kitu. Tarakimu ni zilezile, mikono tu imehama.

Kila mmoja alivaa hedifoni. Mpiga dramu alikuwa nyuma ya kioo, na masikioni mwao kompyuta iligonga hesabu ya mwendo. Mara ya kwanza walipiga sawasawa na hapakuwa na uhai. Hakuna aliyelaumu. Mpiga besi akamwambia wa dramu maneno matano hivi kuhusu teke la ngoma kubwa. Mpiga gitaa akasema ubeti wa kwanza yeye atakaa nje. Mara ya pili, kwa kuwa gitaa halikuwepo, pakawa na mwanya baada ya mstari wa pili, na mpiga piano akadondosha humo noti tatu. Mwimbaji alizisikia. Nilimwona kupitia kioo akifumba macho, na mstari uliofuata akauimba taratibu zaidi, akiupa mwanya ule nafasi yake. Mpiga besi naye akapunguza. Kwa sekunde kama kumi watu watano walibadilisha wimbo bila kuulizana, na waliporudia mara ya tatu noti zile zilikuwa zimeshakuwa za lazima.

Mwishoni niliona jambo ambalo sikulikuta kwenye makumbusho. Kiongozi wa kikao alijaza fomu ya chama cha wanamuziki: tarehe, jina la wimbo, saa, na jina la kila mpigaji na ala yake. Fomu hiyo haimfanyi mpiga piano kuwa mtunzi. Ila wimbo ukichukuliwa kesho na filamu au tangazo, kuna mahali pa kumtafuta alipwe tena. Ni haki nusu, lakini ni haki yenye anwani.

Kwetu sheria imekwenda mbali kuliko watu wengi wanavyojua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na kando yake inamtambua mtendaji: mwimbaji, mpigaji, mchezaji. Tatizo letu ni ushahidi. Mikanda ya RTD ina jina la bendi, na ukibahatika, la mtunzi. Aliyeshika ridhimu siku ile atajulikana kwa kumbukumbu za wazee wanaozidi kupungua, au kwa kuwa mwimbaji alimtaja. Vijana wa bongo fleva wamelitatua hilo kwa njia ileile ya kale. Prodyuza anayetengeneza mdundo mzima kwa kompyuta, kabla msanii hajaja kuingiza sauti, hupachika jina lake au la studio mwanzoni mwa wimbo, ulisikie utake usitake. Wapo wanaokerwa na kujitangaza huko. Mimi baada ya kusikia habari za Robert White siwezi kuwalaumu.

Lakini kuitwa jina hakulipi kodi ya nyumba. Taasisi za kugawa mirabaha haziwezi kuigawa kwa kusikiliza nani kaitwa kwenye chemko, na leo, ambapo nyimbo za zamani zinarudi mitandaoni na kupakuliwa kila siku, swali la nani alikuwemo chumbani lina shilingi ndani yake. Bendi zinazorekodi sasa zina nafasi ambayo Mulenga na Jamerson hawakuwa nayo. Zinahitaji karatasi moja kwa kila wimbo, yenye jina la kila mtu na alichopiga, isainiwe kabla magitaa hayajarudishwa kwenye mifuko, kwa sababu kesho yake kila mmoja atakumbuka kwamba ule mwanzo mtamu aliubuni yeye. Mwimbaji na aendelee kuwaita wenzake kwa majina, ni utamu wetu huo. Fomu ijazwe vilevile.